Kisanduku cha dawa za bi mkubwa: shajara ya mradi, Januari hadi Mei 2025

Jumapili 12 Januari

Naanza kuandika leo ili kila hatua iwe na kumbukumbu, maana miradi yangu ya nyuma nilikuwa naifanya kichwani tu, ikikwama hata sikumbuki ilikwamia wapi.

Mimi ni fundi simu, niko Mbagala, bi mkubwa yuko Tanga anakaa na mpwa wangu anayesoma sekondari. Ana presha mwaka wa tisa huu na sukari mwaka wa nne. Dawa zake: za presha ni amlodipini moja na losatani moja asubuhi, ya sukari ni metfomini asubuhi na jioni akishakula, na asprini ile ndogo mchana. Mwezi wa kumi na mbili alipata kizunguzungu jikoni akaanguka, alipopelekwa hospitali presha ilikuwa 190 kwa 110. Dokta akamuuliza mama dawa unakunywa, akajibu nakunywa baba. Nilivyofika nikafungua ule mfuko wake wa dawa, nikakuta bahasha ya mwezi wa kumi imeandikwa 1x1 kwa kalamu ya bluu, dawa za siku 30, na vidonge karibu vyote vimo.

Sio kwamba alidanganya. Yeye anakunywa kichwa kikiuma, kikitulia anaacha, na hiyo kwake ndo kunywa dawa. Presha haina maumivu ya kukukumbusha kila siku, hilo ndo tatizo lake kubwa, mtu anajiona mzima kabisa huku mishipa inateseka. Na sio mama yangu peke yake, Shirika la Afya Duniani lilishaandika mwaka 2003 kwamba hata kwenye nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa zao inavyotakiwa.

Ninachotaka kutengeneza: kisanduku kinachowaka taa na kulia muda wa dawa ukifika, kinachojua kama kimefunguliwa, na kisipofunguliwa ndani ya saa moja kinanitumia meseji mimi na mpwa wangu. Kisihitaji intaneti maana pale nyumbani hamna, na kisihitaji simu kubwa maana bi mkubwa anatumia kitochi.

Jumamosi 25 Januari

Vitu vimepatikana Kariakoo: Arduino Nano moja (kompyuta ndogo ambayo ndo ubongo wa kisanduku), moduli ya SIM800L ya kutumia laini, saa ya DS3231, swichi nne za sumaku, betri mbili za 18650 nilizokuwa nazo dukani, na bodi ndogo ya kuchajia. Boksi nimetumia la plastiki lenye droo nne, lile watu wanawekea shanga na vishikizo.

Swichi ya sumaku ni kitu rahisi sana na nimeipenda. Kikopo kidogo cha kioo, ndani vyuma viwili vyembamba, sumaku ikisogea karibu vinagusana, ikiondoka vinaachana. Nimebandika sumaku nyuma ya droo na swichi kwenye ukuta wa boksi, ukivuta droo tu Nano inajua. Saa ya DS3231 nayo iko vizuri, inachelewa au kuwahi kama dakika moja tu kwa mwaka, ina betri yake ya duara kwa hiyo hata umeme ukikatika usiku kucha haipotezi muda, na ile bodi yake ina kumbukumbu ndogo pembeni naandikia humo kila droo inapofunguliwa.

Iliyonitesa ni SIM800L. Siku tatu nzima. Inawaka, inapepesa taa, inatafuta mtandao, ikifika kutuma meseji inazima yote na kuanza upya. Nikabadilisha laini, nikabadilisha antena, nikaandika programu upya, wapi. Mwisho nikaweka mita kwenye waya wa betri nikaona volti zinadondoka pale pale inapotuma. Kumbe hii moduli wakati wa kutuma inavuta umeme kwa mapigo, inaweza kufika ampea 2 kwa muda mfupi sana, na inataka volti zisishuke chini ya 3.4. Nilikuwa nimetumia zile waya nyembamba za majaribio. Nimekata waya nikaweka nene na fupi, nimechomelea kapasita ya mikrofaradi 1000 ya kutunza umeme wa akiba karibu kabisa na miguu ya moduli, imetuma meseji 40 mfululizo bila kuzima. Kama wewe ni fundi na unataka kuigusa hii moduli anza na umeme wake, usianze na programu.

Jumapili 2 Februari

Leo nimeandika meseji zenyewe. Kitu kimoja cha kuangalia: meseji ya kawaida inabeba herufi 160, Kiswahili chetu kinaingia bila shida, lakini nilikopi sentensi yenye "king'ora" kutoka kwenye simu, na simu ilikuwa imeweka ile alama ya juu iliyopinda badala ya iliyonyooka, basi meseji nzima ikahesabiwa kwa mfumo mwingine wa herufi 70, ikakatwa vipande viwili na vocha ikaliwa mara mbili. Nimeandika upya kwa alama iliyonyooka.

Jumapili 9 Februari, Tanga

Nimekuja kukifunga mwenyewe. Kimewekwa juu ya meza ya chai karibu na chupa ya maji, sio chumbani, kwa sababu nimemwangalia asubuhi kuanzia swala ya alfajiri anapita wapi, na chai ndo kituo chake cha kwanza. Hilo nililikosea kwenye mpango wa mwanzo, nilidhani kinakaa pembeni ya kitanda.

Alikiangalia muda mrefu. Akauliza, mwanangu, kwa hiyo hiki kitakwambia nisipokunywa? Nikasema ndiyo mama, ili nikupigie nikukumbushe. Akanyamaza kidogo akasema haya, umeniwekea askari. Hakusema kwa hasira ila lile neno limenikaa.

Jumatano 12 Februari

Kosa la kwanza kubwa. Kisanduku kikilia kinatuma pia meseji kwenye kitochi cha mama, "Mama, dawa ya saa 8". Leo rekodi imeonyesha droo ya asubuhi imefunguliwa saa 14:04. Nikapiga simu, shikamoo mama, mbona dawa ya asubuhi umechelewa, akasema si umesema saa nane? Mpwa wangu kamsomea meseji vizuri kabisa kama ilivyoandikwa, kisanduku kimelia saa mbili asubuhi yeye akajua kinajaribu tu, akasubiri saa nane mchana.

Yaani mimi mtoto wa Tanga nimekaa na saa ya mashine kichwani mpaka nikasahau mama yangu anahesabu saa kuanzia jua kuchomoza. Programu imerekebishwa: chukua saa ya mashine, jumlisha 6, gawanya kwa 12 chukua kinachobaki, kikibaki sifuri andika 12. Halafu neno la muda lazima lifuate, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Sasa inaandika "saa 2 asubuhi".

Jumapili 23 Februari

Mpwa wangu kapiga simu, anko, droo ya mchana inanuka siki. Nikamwambia akipige picha kidonge, kimepauka na kina kama unga juu. Ni asprini. Mimi kwa kutaka mambo yawe mepesi kwa mama nilikuwa nimevitoa vidonge vyote kwenye karatasi zake nikavimwaga kwenye droo, na asprini ikipata unyevu inavunjika na mojawapo ya vitu inavyotoa ni ile tindikali ya siki. Na Tanga kwa unyevu mnaijua. Mfamasia niliyemuuliza alinielekeza vizuri, akasema ile karatasi ya plastiki na bati ni sehemu ya dawa, ipo kazini muda wote, ukishakitoa kidonge humo tarehe iliyoandikwa pale haikuhusu tena.

Asprini zote zimetupwa. Droo nimezipanua zikae karatasi nzima za vidonge, mama anabofya kidonge kutoka kwenye bati mwenyewe. Kidogo inamchelewesha kwa vidole vyake lakini dawa inabaki kuwa dawa.

Jumamosi 8 Machi

Ramadhani imeingia. Kabla haijaingia tulimpeleka kliniki akaulize kama afunge, kwa sababu ya ile sukari, dokta akampima akamruhusu kwa masharti na akampangia yeye mwenyewe dawa zipi ziende futari na zipi daku. Nasisitiza hapo, muda wa dawa sikuupanga mimi, nilichofanya ni kuingiza alichoandika dokta.

Niliogopa magharibi itakuwa inahama hama nitahitaji kuandika programu ya kufuata jua, lakini Tanga tuko karibu na ikweta, kwa mwezi mzima huu magharibi inasogea kama dakika kumi tu. Nimeweka saa 1 usiku, muda ambao kashafuturu tende na uji na kashaswali. Daku saa 10 usiku. Kengele ya daku nimeipunguza sauti, ila mpwa wangu anasema siku hizi ndo inayowaamsha wote wawili.

Jumamosi 15 Machi

Dogo tu. Ripoti ya wiki ilisema "Ijumaa usiku droo haikufunguliwa". Mama akakataa kabisa, usiku wa Ijumaa nilikunywa, nilikuwa nimetoka kusoma Yasini. Tukabishana kama dakika tano mpaka nikakumbuka kwa wazee wetu usiku unatangulia mchana, usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Wote tulikuwa sawa. Ripoti sasa inaandika "usiku wa kuamkia Jumamosi".

Jumamosi 5 Aprili

Sikukuu imepita salama. Rekodi kuanzia tarehe 16 Machi mpaka jana: haijarukwa droo hata moja. Hata moja. Nimemwonyesha jamaa yangu dukani, nimefurahi sana, nikaanza kuwaza kutengeneza vitano kwa ajili ya wazee wengine mtaani.

Jumanne 15 Aprili

Siku ya kliniki. Mpwa kapiga simu saa tano asubuhi, presha ya bibi 178 kwa 102.

Nimeiangalia rekodi mara tatu. Kila siku, kila droo, imefunguliwa kwa wakati. Nikafikiri pengine dawa zenyewe ni feki, au dozi haitoshi. Dokta naye akawa anataka kumwongezea dawa ya tatu ya presha, kwa sababu kwa maelezo yaliyopo mgonjwa anakunywa vizuri na presha haishuki, na maelezo hayo ni rekodi yangu mimi, mpwa alimwonyesha kwenye simu. Nimemwomba mpwa amwambie dokta asubiri mpaka nije.

Jumamosi 19 Aprili, Tanga

Nimepanda basi la jana, ilikuwa Ijumaa Kuu hamna kazi.

Leo asubuhi nimevuta droo ya asubuhi mwenyewe. Mle ndani kuna karatasi za losatani zimekunjwa vizuri, mbili juu ya mbili, zote tupu. Amlodipini imebaki nusu karatasi. Nikakaa pale kwenye meza ya chai, mama akatoka akaniona nimeshika zile karatasi.

Akasema losatani ziliisha kabla ya sikukuu. Pale anapochukuliaga dawa walimwambia hazipo, kanunue nje. Aliuliza bei akaona acha kwanza. Amlodipini akawa anakunywa siku moja anaacha siku moja ili zifike mbali. Nikamuuliza sasa mama mbona ulikuwa unafungua droo? Akasema kinalia mwanangu, nafungua kinyamaze. Na ungeambiwa sijafungua ungepiga simu, ungejua, ungetuma hela, na wewe umetoka kununua nguo za watoto za sikukuu.

Nilitoka nje kidogo.

Kisanduku changu kilikuwa kinamuuliza swali moja tu, umefungua? Na yeye alikuwa anajibu ukweli, nimefungua. Hakikuwa na sehemu yoyote ya yeye kusema zimeisha, au bei imenishinda, au hii inanivimbisha miguu (nalo kaniambia leo, miguu inavimba jioni, na amlodipini inajulikana kwa hilo, tutamwambia dokta). Na kibaya zaidi rekodi yangu ilikuwa karibu imsababishie kuongezewa dawa asiyoihitaji. Wiki nne za taarifa nzuri zilizokuwa za uongo, na hakuna mtu aliyedanganya.

Tumenunua losatani leo saa sita mchana, duka la dawa la pili tulilouliza.

Alhamisi 24 Aprili

Wiki hii sijagusa lehemu, nimesoma tu wenzetu walifanyaje. Naandika niliyoyapata kwa sababu yangenisaidia sana kama ningeyajua Januari.

Kenya walifanya utafiti wa wagonjwa wa VVU, kliniki tatu, Pumwani na nyingine ya Nairobi pamoja na Kajiado, wagonjwa 538, ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Hawakutumia kifaa chochote. Nesi alituma meseji moja kwa wiki, mara nyingi neno moja tu, "Mambo?", na mgonjwa anajibu ndani ya masaa 48, "Sawa" au "Shida". Akijibu shida au akikaa kimya nesi anapiga simu. Meseji haikutaja hata neno dawa. Waliofuata dawa vizuri kwenye kundi la meseji walikuwa asilimia 62, kundi lisilo na meseji 50, na vipimo vya damu navyo vilionyesha tofauti, 57 kwa 48 kwa waliofanikiwa kupunguza virusi.

Halafu Chulaimbo, huko huko Kenya, utafiti wa 2011, walijaribu meseji za kila siku na za kila wiki. Za kila wiki zilisaidia, asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha dawa ukilinganisha na 40. Za kila siku hazikusaidia. Nimeisoma hiyo sehemu nikamkumbuka mama na kisanduku kinacholia mara tatu kwa siku. Ila China nako mwaka 2015 wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa maboksi ya kukumbusha walipunguza kuruka dozi na waliopewa meseji peke yake hawakupunguza, kwa hiyo siwezi kusema boksi ni baya meseji ni nzuri. Nikiangalia, mle boksi lilipofanya kazi daktari alikuwa analisoma na kukaa na mgonjwa wake. Kuna mtu upande wa pili.

Na India kuna mpango unaitwa 99DOTS, ambao Uganda pia umetumika, huu nimeupenda sana. Nyuma ya kidonge kuna namba ya simu iliyofichwa, huioni mpaka ubofye kidonge, ukishaiona unapiga, bure, haipokelewi na mtu, mfumo unajua leo umefikia kidonge cha leo. Hii si ni bipu jamani. Sisi huku tumekuwa tunabipu tangu simu zinaingia, bipu moja nimefika, bipu mbili nipigie.

Jumapili 27 Aprili

Nilifikiria kuweka mzani chini ya droo ili kisanduku kijue kidonge kimetoka kweli. Nimeununua hata, wa gramu 100. Nimeuacha. Kidonge kimoja cha presha hakifiki hata nusu gramu, mama akiegemea meza namba zinaruka, lakini hata ungefanya kazi, ungekuwa unamkamata tu vizuri zaidi.

Nimefanya hivi. Kengele za kila siku nimezishusha, taa inawaka na mlio mmoja mfupi basi. Nimeongeza kitufe chekundu ndani, dawa mpya zikiingia mpwa anakibonyeza, kisanduku kinajua zimeingia za siku 30 na kinahesabu kurudi nyuma, zikibaki za siku 7 kinanitumia mimi meseji, sio mama. Hela ni kazi yangu kuitafuta mapema, sio yake kuibeba.

Na kila Ijumaa baada ya swala kisanduku kinamtumia mama meseji. Hapo "Mambo?" haiwezi kukaa, mtoto hamwambii mama yake mambo. Imeandikwa "Shikamoo mama. Wiki imeendaje na dawa?"

Jumamosi 3 Mei

Mama hapendi kuandika meseji, herufi za kitochi haoni. Nikamwambia basi bipu namba ya laini iliyomo kwenye kisanduku, programu nilishaiandika, inatambua namba yake inakata inaandika. Akaniuliza, nilibipu boksi ili boksi linisaidie nini?

Kapanga mwenyewe. Akishakunywa za asubuhi ananibipu mimi mara moja. Kukiwa na jambo lolote mara mbili, nipige. Nikiona bipu moja nami nambipu kumjibu, hilo kalisisitiza, usiponijibu nitajuaje umeipata.

Ile sehemu ya programu nimeifuta.

Jumatano 14 Mei

Kliniki tena. 146 kwa 88. Dokta hajaongeza dawa, na amlodipini kaipunguza kwa ajili ya ile miguu, kasema tuangalie mwezi mmoja.

Alhamisi 22 Mei

Leo saa 2 na dakika 20 asubuhi nikiwa na simu ya mteja imefunguliwa mezani, bipu. Halafu bipu ya pili. Nimeacha kila kitu.

Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hamna neno, nilitaka nikwambie losatani zimebaki za siku nne. Nikashtuka, kisanduku hakijasema kitu, kwa hesabu yake zimebaki za siku 10. Nikamwambia mama mbona hesabu haiendi, akacheka akasema zile sita nilimpa shoga yangu hapo jirani, zilimwishia tangu Jumamosi na mwanae yuko Muscat hapatikani.

Nikamweleza taratibu kwamba ya huyo inaweza kuwa ni dozi nyingine, asimpe tena mpaka tujue. Kaenda kuchukua daftari la kliniki la jirani yake, mpwa kalipiga picha kanitumia. Ni losatani pia, ila ya mwenzie ni ya 100, ya mama ni 50, kwa hiyo siku zote hizo alikuwa anakunywa nusu. Nimetuma hela ya dawa za wote wawili na nimemwomba mpwa amsindikize huyo bibi kliniki Jumatatu akapimwe.

Kitufe chekundu kinahitaji mwenzake wa kutoa, nitakiongeza. Na Jumamosi naenda Kariakoo kuchukua SIM800L ya pili na boksi jingine la droo nne, kapasita ninayo.